Hujaonja, umejuaje hupendi?

Juzi tulikuwa nyumbani kwa mzee, yaani baba yangu. Mtoto wa dada yangu, yuko na miaka mitano sasa, akawekewa posho, huo ugali wa mahindi, na sosi ya ebo, yale majani ya kunde ambayo Wateso wanapika na karanga. Akaangalia, akasukuma sahani na kidole kimoja, akasema "mi sipendi". Mamake akamuuliza, umeonja lini? Hajaonja. Sasa hupendi nini? Mtoto akafikiri kidogo akajibu "hiyo rangi".

Watu wakacheka, halafu kila mtu mzima pale mkekani akaanza hotuba yake ya enzi zetu, ati sisi tulikula kila kitu, ukikataa unachapwa, ukimaliza unasema asante. Mi nikanyamaza tu maana nawajua. Kaka yangu anakula mbuzi lakini kondoo hagusi. Senga wetu, yaani shangazi, dada wa mzee, miaka sabini na kitu, hajawahi kuweka yai mdomoni tangu akiwa msichana mdogo. Mzee mwenyewe ni mtu wa Masaka, huko ambako senene wakianguka mpaka pikipiki zinasimama, na hajawahi kuonja hata mmoja. Hao ndio wanamhubiria mtoto wa miaka mitano juu ya kuonja.

Nimekuwa nikilifikiria hilo neno "sipendi" tangu siku hiyo, na naona shida iko hapa: ni neno moja lakini ndani yake kuna mambo kama matano au sita hivi ambayo hayana undugu, yana mizizi tofauti, na kila moja lina njia yake ya kulegea, na mengine hayatakiwi hata kulegezwa. Sisi tunayachanganya yote kwenye sufuria moja, halafu tunashangaa kwa nini kiboko hakifanyi kazi.

Mimi nimekulia kwota za jeshi, upande wa Jinja, miaka ya 90. Mzee Mganda, mama Mteso, walikutana kambini kwa hiyo lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili, na majirani vivyo hivyo, kila mlango kabila lake. Jioni ukipita kwenye laini unajua bila kuuliza nani anapika nini: huku Wamasaba wanachemsha malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, kule mama wa Kiacholi anasaga odii ya simsim na karanga aichanganye na malakwang, kwetu mama anasonga atapa ya wimbi na muhogo akitia ukwaju, na mzee anauliza matoke iko wapi. Watoto tulikuwa tunakula pale jioni inapotukuta. Nakumbuka mara ya kwanza kula malakwang, ile chachu yake ilinifanya nifumbe jicho moja, na nikaendelea kula kwa sababu wenzangu sita walikuwa wanakula haraka kwenye sinia moja na hakuna aliyekuwa na muda wa kuniangalia. Hiyo ya kutoangaliwa ikumbuke, nitairudia.

Tuanze na huyu mtoto. Anachokataa yeye sio ebo, ni upya. Wataalamu wa lishe na saikolojia wanajua kabisa huu woga wa chakula kigeni, unakuja kwa nguvu kati ya miaka miwili na sita hivi, na unachanganya wazazi sana kwa sababu huyohuyo mtoto akiwa na mwaka mmoja alikuwa anakula kila kitu mpaka udongo. Ukifikiria una maana yake. Mtoto wa mwaka mmoja analishwa na mkono wa mtu, wa miaka mitatu anatembea mwenyewe anachuma vitu porini, sasa mwili unamwambia subiri kwanza, usichokijua kiache. Ng'ombe hana hiyo shida, yeye ni nyasi tu. Mtu na panya ndio wenye mtihani, wanaweza kula karibu kila kitu, wanahitaji vitu vingi tofauti, na chochote kipya kinaweza kuwa dawa au sumu. Paul Rozin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika juu ya huo mtihani mwaka 1976, na tangu hapo watu wamekuwa wakiuchimba.

Dawa ya huo woga haina siri ila inachosha. Ni kurudia. Mwenzake Rozin wa hukohuko Marekani, Leann Birch, alifanya kazi kwa miaka mingi na watoto wadogo, na kutokana na utafiti wa aina hiyo tunajua kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara nane, mara kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali. Wazazi wengi wanakata tamaa ya tatu au ya nne wanasema huyu hapendi mboga, basi, inaandikwa kama jina la ubatizo. Na Birch alionyesha pia jambo ambalo kila mzazi wa Kampala anapaswa kulisikia, mwaka 1984: watoto walioahidiwa zawadi ili wanywe kinywaji fulani kigeni waliishia kukipenda kidogo kuliko mwanzo. Yaani ukimwambia mtoto maliza dodo, huo mchicha, nikupe soda umemfundisha kwamba dodo ni kibarua na soda ndio mshahara. Nani anapenda kibarua?

Ndio maana nasema ile sinia ya kwota ilikuwa shule nzuri kuliko hotuba. Chakula kilikuwepo, wenzako wanakula, hakuna anayekupigia makofi wala kukukodolea macho. Mtoto anajifunza kwa kuangalia midomo ya wengine. Leo wengi tunampakulia sahani yake peke yake, plastiki yenye picha, yeye na simu, halafu sisi tunakula baadaye kitu kingine, sasa atamwiga nani?

Lakini usije ukadhani kila mtoto anayekataa ni woga tu. Kuna wengine ulimi wao kweli unawaambia kitu tofauti. Watoto wote wanazaliwa wakipenda utamu, maziwa ya mama ni matamu, na wanakimbia uchungu kwa sababu sumu nyingi za mimea ni chungu. Ila uchungu wenyewe haulingani kwa watu. Mwaka 1931 kuna mkemia huko Marekani, Arthur Fox, unga wa kemikali ulipeperuka maabara, mwenzake akalalamika mdomo umekuwa mchungu na yeye Fox hakuhisi kitu chochote. Kumbe ni urithi, leo jeni yenyewe inajulikana, inaitwa TAS2R38, na inagusa vitu vilivyomo kwenye ukoo wa kabichi na sukuma. Kwa hiyo watoto wawili wa tumbo moja, sukuma sahani moja, mmoja anakula majani na mwingine anakula kwinini. Huyo wa pili ukimchapa unamchapia ulimi wake. Mpikie na karanga, au odii, uchungu utafunikwa, bibi zetu wa kaskazini walijua hilo zamani sana.

Na ladha zinaanza mapema kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake walitoa utafiti, akina mama waliokunywa juisi ya karoti wakati wa mimba au wakati wa kunyonyesha, watoto wao walipopewa uji wenye ladha ya karoti hawakukunja uso kama watoto wengine. Ladha inapita kwenye maji ya tumboni na kwenye maziwa. Mama yangu na ukwaju wake, basi mi nilizaliwa nimeshasomea. Ndio maana pia napenda ile kitobero wanayofundisha Mwanamugimu, kile kitengo cha lishe cha hospitali ya Mulago: matoke au viazi, unaweka maharagwe yaliyopondwa au karanga, mukene, wale dagaa, wa kusaga, na mboga za majani, unafunga kwenye jani la mgomba unapika kwa mvuke. Watu wanaiona kama dawa ya utapiamlo, na ni kweli, lakini mtoto wa miezi minane aliyekula kitobero ameshakutana na samaki, maharagwe na majani kabla ule woga haujafika mlangoni.

Haya, sasa tuje kwa watu wazima, huku ndiko kuna mambo.

Kinyaa sio uchungu wala sio woga. Kinyaa ni wazo. Rozin na wenzake walichukua mende aliyekufa, aliyesafishwa kabisa hana kijidudu chochote, wakamchovya kwenye juisi wakawaambia watu huyu ni safi, kunyweni. Watu walijua ni safi na bado wakakataa. Juisi haikubadilika ladha, ilibadilika maana. Na hakuna anayezaliwa na hiyo, mtoto mchanga akimpata mende anamtia mdomoni, anafundishwa kinyaa na nyuso za watu wake, ule uso unaokunja pua na kusema "eeh, tupa!" Unafundishwa uso mmoja kwenye kitu kimoja, na kwa jirani unafundishwa uso mwingine.

Chukua senene. Mwezi wa kumi na moja kwa Kiganda ni Musenene, mwezi una jina lao. Masaka watu wanapanga mabati na mapipa, wanawasha taa kali usiku mzima, senene wanafuata mwanga wanagonga bati wanateleza ndani. Asubuhi wako Kampala, wanauzwa kwa kikombe kwenye foleni ya taksi, wamekaangwa na kitunguu, ukipewa wachache hutaki kumpa jirani. Mgeni akitazama anaona panzi. Shirika la FAO liliandika mwaka 2013 kwamba watu karibu bilioni 2 duniani wanakula wadudu, aina zaidi ya 1,900, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukaidhinisha funza wa unga wauzwe kama chakula, wale waliotucheka jana leo wanasoma bei kwenye pakiti.

Na kabla sijajisifu. Mimi nimekula kumbikumbi wabichi mvua ikiwa bado inanyesha, unang'oa mabawa unatupa mdomoni. Miaka michache iliyopita nikaenda Mombasa, mwenyeji wangu akaniwekea pweza wa nazi. Nikaona zile sahani ndogondogo za kunyonyea kwenye mkono wake, banange, mdomo ukakataa kufunguka. Harufu ilikuwa nzuri, nazi naijua, njaa ninayo, lakini sura. Mwenyeji akanitazama akasema "wewe mla kumbikumbi ndio unamkataa pweza?" Sikuwa na jibu. Na sina mpaka leo, nilikula wali na mchuzi wa pembeni.

Kitu cha nne, na hiki ndicho watu wanakikosea zaidi, ni mwiko. Mzee wangu hali senene kwa sababu ukoo wake ni Nsenene. Haogopi, haoni kinyaa, wala hana neno na anayekula, yaani ni kama ndugu. Mganda wa ukoo wa Mamba hali kamongo kwa njia hiyohiyo. Na mimi mtoto wake nimefuata ukoo wake, kwa hiyo nimewasifia senene hapo juu kwa harufu tu na kwa ushuhuda wa mke wangu. Mwiko wa namna hii sio wa kutibiwa, mtu anakwambia yeye ni nani, wewe unamwambia "onja kidogo tu", ni kukosa adabu. Wahima nao, wale wafugaji wa ng'ombe, kwa jadi samaki na kuku haikuwa chakula kwao, na kuna vyakula kama maharagwe ambavyo hawakuchanganya na maziwa, waliamini vinadhuru ng'ombe. Kwa mfugaji hiyo sio habari ya tumbo lake, ni habari ya zizi.

Lakini sio kila mwiko unasema wewe ni nani. Mwingine unasema nani mkubwa. Buganda ya zamani mwanamke hakuruhusiwa kuku, mayai, kondoo, kamongo, na senene pia, hao senene ambao ni wanawake walikuwa wanawakusanya, wanawang'oa mabawa na miguu, wanawakaanga, wanamwekea bwana. Ukiangalia hiyo orodha vizuri, ni vitu vingi vizuri vilivyokuwa vinapatikana karibu na nyumba. Sababu mojawapo waliyopewa wasichana ni kwamba hawatazaa. Firigisi mpaka leo nyumba nyingi ni ya baba, ila hiyo angalau tunaisema kwa kicheko.

Senga wangu aliambiwa hivyo kuhusu yai akiwa mdogo. Baadaye mambo yakabadilika, kuku na mayai wanawake wanakula kila mahali, wasichana wa siku hizi ukiwaambia habari hiyo wanadhani unatunga. Senga mwenyewe amezaa watoto, ana wajukuu, anajua kabisa yai halizuii kitu. Nilishamuuliza, senga, sasa kwa nini huli? Akasema "linanuka". Sio "nimekatazwa", linanuka! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hizi nyuzi zinajisokota. Kilianza kama sheria ya mtu mwingine, sheria ikafa, ikabaki puani. Ukimletea takwimu za protini unamjibu swali ambalo hakuuliza.

Halafu kuna hadhi, na hapa nataka kuongea juu ya posho. Mtu wa Dar akisikia Mganda anasema "nimekula posho" anashangaa, kwao posho ni ile hela ya semina. Zamani neno ni mgao, chakula unachopimiwa: mpagazi wa msafara, askari, kibarua wa serikali ya kikoloni, mfungwa, mwanafunzi wa bweni. Walichopimiwa kikawa unga wa mahindi, sasa huku Uganda neno la mgao likageuka kuwa jina la chakula chenyewe, majirani zetu wanaita ugali. Ndio sababu kwa Waganda wengi, ambao kwao neno emmere lenyewe karibu ni matoke, posho haikuwahi kuwa chakula cha kumwekea mgeni, ni ya shule, ya jela, ya jeshi. Mwaka 2020 wakati wa lokidauni serikali iligawa Kampala na Wakiso unga wa posho kilo 6 na maharagwe kilo 3 kwa kila mtu, na watu walipokea, na utani ukaanza palepale ati tumerudishwa bweni wote. Hapo hakuna anayelalamikia ladha. Kwetu sisi watoto wa kwota posho ilikuwa mshahara wa mzee kwenye gunia, kwa hiyo mi nikiisikia harufu yake naona nyumbani.

Hadhi inaweza kugeuka haraka kuliko ulimi. Mbuta, yule sangara, aliwekwa ziwa Nalubaale, hilo Victoria, miaka ya 1950, na mwanzoni watu wengi hawakumtaka, mnene, mafuta mengi, sio kama ngege, yule sato. Viwanda vya kusafirisha nje vikaja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mtu wa ziwani akabaki ananunua mifupa iliyokaangwa. Leo mbuta mzima ni samaki wa sherehe. Mukene ndio yuko katikati ya safari sasa, zamani chakula cha kuku na cha asiyejiweza, siku hizi daktari anamwandikia mtoto wako. Na kama mtu anakwambia yeye anakula vya asili tu, muulize ni vipi, mahindi, muhogo, karanga, viazi vitamu, maharagwe yetu haya, vyote vilitoka Amerika, na babu wa matoke ni mgeni kutoka Asia japokuwa amekaa muda mrefu mpaka ameshapewa shamba. Chapati ilikuja na Wahindi. Amin mwaka 1972 akawapa siku 90 waondoke, wao wakaondoka na chapati ikabaki, leo kijana wa Wandegeya anaikunjia mayai na nyanya anakuuzia rolex na hakuna anayeiita chakula cha kigeni.

La mwisho nalipitia haraka maana ni rahisi. Ukila kitu halafu ukaumwa, mwili unakiandika hicho kitu jina, mara moja inatosha, hata kama hakina kosa. John Garcia alilionyesha kwa panya mwaka 1955, waliopewa maji matamu wakapigwa mionzi ya kuwafanya waumwe, hawakutaka tena utamu ule. Mimi ni maharagwe, shule moja ya bweni, usiku mmoja ambao bweni zima lilikuwa kwenye foleni ya choo. Miaka mitatu sikuweza. Huenda ilikuwa maji, sio maharagwe, lakini nani atamwambia tumbo.

Kwa hiyo watu wanabadilika vipi? Mara nyingi ni kwa sababu ya mtu. Nilipoenda ukweni Mbarara niliwekewa eshabwe, ile sosi nyeupe ya samli, baridi, haijapita motoni, na akili yangu ikaniambia hii ni ya kupaka. Mama mkwe alikuwa kaketi mbele yangu. Nikala. Mara ya pili nikala tena kwa adabu, ya tatu sikumbuki, ya nne nikajikuta naulizia kama ipo. Mkienda hesabuni mtaona ni ileile njia ya mtoto, kurudia, ila kwangu aliyenirudisha kwenye sahani alikuwa mke.

Asubuhi ya pili pale kwa mzee tulikuwa tunakunywa chai, mayai ya kuchemsha yako kwenye bakuli. Yule mtoto wa ebo akachukua moja akamenya, akamnyooshea senga, yeye anamwita jaja, yaani bibi. Senga akarudisha mkono wake polepole akasema, mimi sipendi, mama. Mtoto akamwangalia usoni. "Jaja, umeonja lini?"

Chai ilimpalia mzee. Senga alicheka mpaka akajifuta macho na gomesi, halafu akamrudishia lile yai, akasogeza na la kwake.